Nafasi ya Kwanza Katika Jenomu: Historia ya Samaki wa Songwe, Rungwe na Ruaha

Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin mkataba ambao wengi wetu tunaukumbuka kwa sababu ya Zanzibar na kisiwa cha Heligoland. Ndani yake kuna kifungu kirefu ambacho husomwa na wachache, kinachoeleza mpaka kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Mpaka utapanda na Mto Songwe kutoka ziwani hadi mahali ambapo mto unakaribia zaidi ukingo wa bonde la Kongo. Hapo utauacha mto, utaushika ukingo huo na kwenda nao mpaka longitudo ya 32 Mashariki, kisha utakatiza moja kwa moja kuutafuta Mto Kalambo. Mwaka 1898 tume ya pande mbili ilipita ikipima, na mwaka 1901 mstari ukathibitishwa. Mji wa Tunduma umekaa kwenye kile kipande cha katikati. Waliouchora mpaka wake hawakuwatazama Wanyamwanga, ambao hadi leo wako Tunduma na wako Nakonde, upande wa Zambia. Walitazama tone la mvua likianguka linaelekea wapi.

Ukiwa na ramani, jambo hilo linafuatika. Mvua inayonyesha upande wa Zambia huteremka hadi Mto Chambeshi, ikaingia Bangweulu, ikashika Luapula, na mwishowe ikamwagika Atlantiki kupitia Mto Kongo. Inayonyesha upande wa Momba huishia Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto unaotoka. Na ile ya milima ya Ileje huingia Songwe, ikapita Nyasa, ikateremka na Shire hadi Zambezi na Bahari ya Hindi. La kumchanganya mgeni zaidi, kuna Songwe nyingine, inayotoka nyanda za Mbeya na kwenda kaskazini hadi Rukwa. Kwa hiyo mito miwili yenye jina moja inapeleka maji yake kusikokutana kamwe.

Binadamu huvuka migongo hii kwa miguu, kwa TAZARA, au kwa lori lililopanga foleni ya siku kadhaa mpakani. Samaki hawezi. Kwake mgongo wa nchi unaogawa maji ni ukuta, na ndiyo maana wataalamu wa viumbe wa enzi za ukoloni waliamini kwamba ukijua mto alimovuliwa samaki, umekaribia kujua ukoo wake. Imani hiyo ilidumu kwa zaidi ya karne. Kilichoitikisa ni kompyuta zilizopewa kazi ya kupanga vipande vya jenomu, yaani vinasaba vyote vya kiumbe, kwa nafasi, kutoka cha kwanza hadi cha mwisho, kisha watu wakakaa chini kuuliza vilivyoshika nafasi za juu vimefika huko kwa njia gani.

Tuanze na waliokusanya. Joseph Thomson aliliona Ziwa Rukwa mwaka 1880 na kulibandika jina la Leopold, jina ambalo halikudumu. Mwishoni mwa karne hiyo Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la Ujerumani, alifanya kazi kaskazini mwa Nyasa, na pamoja na mambo mengine akawa anaweka samaki kwenye spiriti. Mmoja wa samaki wa mawe wa Nyasa hadi leo anabeba jina lake, *Labeotropheus fuelleborni*. Mwaka 1903 Hilgendorf na Pappenheim wa Berlin walichapisha maelezo ya samaki wa Rukwa, na humo perege wa ziwa hilo akapata jina la kitaalamu ambalo leo linaandikwa *Oreochromis rukwaensis*. Kabla yao, mwaka 1894, Albert Günther wa London alikuwa amemwelezea samaki mdogo, wa rangi ya kawaida, asiyevutia macho, ambaye leo anaitwa *Astatotilapia calliptera*. Msomaji amshike samaki huyo. Historia nzima itamzunguka yeye.

Baada yao alikuja Ethelwynn Trewavas, mwanamke aliyezaliwa mwaka 1900 na kufanya kazi katika jumba la makumbusho la London karibu maisha yake yote. Mwaka 1935 alitoa muhtasari wa samaki wa Nyasa wa jamii hii ya perege na furu, na mwaka 1983, umri ukiwa umeshavuka miaka themanini, akatoa kitabu kikubwa cha perege. Njia yake ilikuwa ile ile ya Günther: kuhesabu magamba, kuhesabu miiba ya pezi, kupima kichwa, kutazama meno. Kazi yake imestahimili muda kuliko kazi nyingi za maabara za kizazi kilichomfuata. Ila magamba yana kikomo. Nyasa ina zaidi ya aina 500 za samaki hawa, na wengi wao hawatofautiani kwa kitu unachoweza kukihesabu kwa vidole. Wanatofautiana kwa rangi ya dume wakati wa kuzaliana, na rangi hiyo hufutika ndani ya spiriti.

Kupanga vinasaba kwa nafasi kulianza mbali na maziwa haya. Mwaka 1951 Mmarekani Sewall Wright alikuwa ameshaweka sawa kipimo kinachoitwa FST, kinachoonyesha makundi mawili ya viumbe yametengana kiasi gani. Kikiwa sifuri, makundi hayo kwa hesabu ni kundi moja. Kikifika moja, kila kundi limeshika herufi yake ya vinasaba na halina ya mwenzake. Mwaka 1973 Richard Lewontin na Jesse Krakauer wakaongeza wazo ambalo kwangu ndilo chimbuko la yote yaliyofuata. Mambo kama kuhama, kupungua kwa idadi na kutengwa na mlima huigusa jenomu yote kwa pamoja. Uchaguzi wa asili hugusa mahali maalumu, pale penye jeni inayomfaa au kumdhuru mwenye nayo. Hivyo, pima sehemu nyingi, zipange kwa FST, na zile zilizojitenga juu kabisa zitie shaka. Enzi hizo sehemu zilizoweza kupimwa zilikuwa kiganja tu, na wapinzani walijitokeza haraka kuonyesha kasoro za hesabu yenyewe. Wazo likasubiri mashine.

Mashine zilipofika, wa kwanza kufaidi alikuwa mbu. Mwaka 2005 Thomas Turner, Matthew Hahn na Sergey Nuzhdin waliyalinganisha makundi mawili ya mbu wa malaria wa Afrika Magharibi, wanaofanana kwa sura lakini hawapandani ovyo. Waliposhusha orodha yao walikuta tofauti zimerundikana katika sehemu tatu ndogo tu za jenomu. Wakaziita visiwa: nchi kavu chache zilizochomoza katika bahari ya mfanano. Jina likapendwa mno, na kwa miaka kadhaa kila mtafiti wa mageuko alitafuta visiwa vyake. Mwaka 2010 jenomu kamili za mbu wale wale zikasomwa, na ikaonekana tofauti zimetapakaa karibu kila mahali. Kipimo cha mwanzo kilikuwa chepesi mno, kikaona vilele na kuikosa miinuko mingine yote. Mwaka 2013 kundi mojawapo likapewa jina lake lenyewe, *Anopheles coluzzii*.

Hapo ndipo tunaporudi nyumbani. Mwaka 2014 jopo kubwa la kimataifa lilichapisha jenomu za samaki watano wa jamii hii: sato, wawili wa Ziwa Tanganyika na mito yake, mmoja wa Nyasa, na mmoja wa Ziwa Victoria aitwaye *Pundamilia nyererei*. Ndiyo, ni Mwalimu huyo huyo; Els na Frans Witte, waliokuwa wakichunguza furu wa Ghuba ya Mwanza, walimpa samaki huyo jina la Rais wetu wa kwanza mwaka 1985. Jenomu ya samaki hawa ina herufi zinazokaribia bilioni moja. Kuanzia hapo, mwenye samaki wa Tanzania mkononi alikuwa na kitabu cha kulinganishia.

Wakati huo timu nyingine ilikuwa tayari inavua Rungwe. Wilaya hiyo, kati ya Tukuyu na Nyasa, ina maziwa madogo ya kreta yaliyoachwa na volkano: Kingiri, Ilamba, Itamba, Ikapu, Masoko na mengineyo. Yako ndani ya Mkoa wa Mbeya, kama ilivyokuwa Songwe nzima wakati huo, kwani Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, wiki chache tu baada ya matokeo nitakayoyaeleza kuchapishwa. Masoko, ambalo wenyeji huliita pia Kisiba, ni duara la maji lenye upana wa mita 700 hivi. Wajerumani walikuwa na boma pembeni yake, na hadithi ya kwamba walitupa fedha na silaha ziwani kabla ya kukimbia bado inawapeleka vijana majini kupiga mbizi.

Waliokuja kuanzia mwaka 2011 walipiga mbizi kutafuta kitu kingine. Walikuwa George Turner wa Bangor, Martin Genner wa Bristol, na Benjamin Ngatunga wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, pamoja na wenzao. Ndani ya Masoko kuna yule yule samaki wa Günther, *calliptera*. Ila hapo amekuwa wawili. Karibu na ufukwe, kwenye maji ya mita chache, madume ni ya njano. Chini, mita ishirini na zaidi, mwanga ukiwa hafifu, madume ni ya buluu iliyokolea, umbo lao ni jingine, taya zao ni nyingine na chakula chao ni kingine. Hakuna ukuta kati yao. Samaki wa njano akitaka kushuka, anashuka.

Milan Malinsky, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu Cambridge, alipewa jenomu 146 azisome. Kwa wastani, samaki wa juu na wa chini walikuwa karibu kitu kimoja. Ukichukua herufi yoyote bila kuchagua, hutajua imetoka kwa yupi. Ikabidi kazi ifanywe kama alivyoshauri Lewontin miaka arobaini kabla: jenomu ikakatwa vipande vifupi, kila kipande kikapimwa FST yake, vyote vikapangwa. Vipande vingi vilijaa chini ya orodha. Juu yake vilichomoza visiwa 98, vyenye kingo zinazoonekana wazi. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Science mwezi Desemba 2015.

Ndani ya visiwa hivyo kulikuwa na jeni ambazo ungezitegemea na nyingine ambazo usingezitegemea. Kulikuwa na rodopsini, protini ya jicho inayotumika kuona kwenye giza la machweo, pamoja na wenzake kadhaa wa kazi hiyo. Kulikuwa na jeni za homoni, na jeni zinazoongoza umbo la mwili wakati kiinitete kinakua. Kisha maabara ya Bangor iliwaweka majike mbele ya madume, na ikaonekana kwamba vinasaba vya samaki katika visiwa vile vinakwenda pamoja na upendeleo wa mwenzi. Timu ilikadiria kwamba utengano huu haujamaliza hata miaka elfu moja hivi. Ziwa lenyewe lina makumi ya maelfu ya miaka. Wakati samaki wa Masoko wanaanza kutengana, watu walikuwa wameshalima Rungwe kwa muda mrefu.

Lakini nafasi ya kwanza ni jambo la kutilia shaka, na hapa Mtanzania hahitaji kufundishwa. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Sababu inaeleweka kwa yeyote aliyesoma: mtoto anaweza kuwa wa kwanza kwa sababu anajua sana, na anaweza kuwa wa kwanza kwa sababu darasa lake lote limefeli. Orodha haikuambii ni lipi kati ya hayo mawili.

FST ina ugonjwa huo huo. Ni kipimo cha kulinganisha: tofauti kati ya makundi, ikigawanywa kwa utofauti wote uliopo. Mahali ambapo kila kundi limepoteza utofauti wake wa ndani, labda kwa sababu kromosomu hapo hazibadilishani vipande mara kwa mara, FST hupanda juu hata kama makundi hayajatengana kwa namna yoyote ya pekee. Mwaka 2014 Tami Cruickshank na yule yule Matthew Hahn wa visiwa vya mbu waliandika makala iliyowakasirisha wengi. Walichukua visiwa vilivyokuwa vimesifiwa katika viumbe mbalimbali na kuvipima kwa kipimo kingine, kisicho cha kulinganisha, kinachohesabu moja kwa moja herufi zinazotofautiana kati ya kiumbe wa kundi hili na wa kundi lile. Vingi havikupanda kwa kipimo hicho. Vilikuwa wa kwanza wa darasa lililofeli. Namheshimu Hahn kwa hilo. Si kila mtafiti hurudi kupiga nyundo jengo alilosaidia kulisimamisha.

Makala ya Masoko ilitoka mwaka mmoja baadaye, na waandishi wake walikuwa wameshaisoma ile ya Cruickshank na Hahn. Kwa hiyo visiwa vyao 98 walivipitisha kwenye kipimo cha pili. Vilivyobaki juu kwa vipimo vyote viwili vilikuwa 55, na ni hivyo tu walivyoviita wagombea wa kweli wa kuwatenga samaki hawa. Wengi wanaoinukuu kazi hiyo hutaja 98, kwa kuwa ndiyo namba iliyo kwenye muhtasari. Mimi naona kazi yenyewe iko kwenye 55.

Kutoka Masoko, Malinsky na wenzake walihamia Nyasa lenyewe. Makala yao ya mwaka 2018 ilisoma jenomu za samaki 134 wa aina 73. Jambo la kwanza walilokuta lilikuwa udogo wa tofauti: ukichukua aina mbili zozote, herufi zinazotofautiana ni kati ya 0.1 na 0.25 kwa mia. La pili lilikuwa gumu zaidi. Walitaka kuchora mti mmoja wa ukoo wa samaki hao, na mti haukupatikana. Kipande kimoja cha jenomu kilisema A na B ni ndugu. Kipande cha jirani kikasema ni A na C.

Hali hiyo inaweza kuwa na sababu mbili. Inaweza kuwa bahati tu: babu alikuwa na herufi za aina mbili, wajukuu wakazirithi bila mpangilio. Au inaweza kuwa samaki wamezaliana na wasio wa ukoo wao baada ya kutengana. Njia ya kuzitofautisha ilikuwa imepata umaarufu mwaka 2010, pale timu ya Svante Pääbo ilipoonyesha kwamba watu wa nje ya Afrika wanabeba kiasi fulani cha vinasaba vya Neanderthali. Chukua watatu na jamaa wa mbali wa kulinganishia. Hesabu mahali ambapo A na B wanashirikiana herufi, mahali ambapo A na C wanashirikiana, mahali ambapo B na C wanashirikiana. Zipange hesabu hizo tatu. Iliyo ya kwanza inakuonyesha ndugu ni nani. Ya pili na ya tatu, ikiwa ni bahati tupu, zinapaswa kutoshana nguvu. Zisipotoshana, kuna aliyeingia kwa mlango wa nyuma.

Uzuri wa hesabu hii ni kwamba haimtazami mshindi. Inatazama pengo kati ya wa pili na wa tatu. Ugumu wake ni wingi: aina 73 zikichukuliwa tatu tatu hutoa makundi 62,196, na kila kundi lina mamilioni ya herufi za kuhesabu. Ukifanya majaribio elfu sitini, mamia yatatoka na matokeo ya kushangaza kwa bahati tu, kwa hiyo nayo lazima yapangwe na kuchujwa. Programu iliyozaliwa na kazi hiyo inaitwa Dsuite. Ilitangazwa rasmi mwaka 2021 na Malinsky, Michael Matschiner na Hannes Svardal, na sasa inatumika kwa vipepeo, ndege na miti, kokote ambako ukoo umevurugika.

Majibu kwa Nyasa yalikuwa mawili. Samaki wa ziwa walikuwa wamepandana na wasio wa ukoo wao mara kwa mara katika historia yao. Na makundi makubwa ya ziwa yalionekana kuchipuka, moja baada ya jingine, kutoka kwa samaki wa kawaida wa mtoni na kando ya ziwa anayekaribiana sana na *calliptera*, yule wa Günther asiyevutia macho.

Lilibaki swali la chimbuko la *calliptera* mwenyewe, na hapa ndipo mgongo wa maji ulipoyumba. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba babu wa samaki wa Nyasa alitoka mito ya kusini na mashariki ya ziwa, kwa kuwa huko ndiko jamaa zake wanakoonekana sasa. Mwaka 2015 Genner, Ngatunga, Semvua Mzighani na wenzao walitangaza kwamba jamaa wa karibu zaidi wa ukoo mzima wa Nyasa wamemkuta kaskazini, ndani ya Ruaha Mkuu. Samaki huyo hakuwa na jina rasmi. Walimwita wa buluu wa Ruaha. Maji ya Ruaha huanzia Usangu na milima iliyo kati ya Mbeya na Njombe, yakaishia Rufiji na Bahari ya Hindi. Hayagusi Nyasa popote. Makadirio yao ya muda wa kutengana yalikuwa kati ya miaka milioni 2.13 na 6.76, na waliyafungamanisha na visukuku vya kale vinavyoashiria kwamba viumbe wa Nyasa na wa Ruaha waliwahi kuunganika.

Miaka mitano baadaye Svardal na wenzake waliisoma jenomu kamili ya samaki huyo. Ikatokea kwamba jenomu ya samaki wa Nyasa ni viraka. Vipande vyake vingine vinamfuata yule wa buluu wa Ruaha, vingine vinafuata ukoo ambao leo unawakilishwa na furu wa Ziwa Victoria. Koo hizo mbili zilikuwa zimetengana miaka milioni 3 hadi 4 iliyopita, zikakutana, zikazaa, na mchanganyiko huo ulikuwa umekwishatulia kabla ya samaki wa Nyasa kuanza kugawanyika. Viraka ni vya herufi elfu chache chache, na vimepangwa karibu sawa katika aina zote za ziwa. Na walipotazama zile herufi zilizoletwa na mchanganyiko huo wa kale, walikuta zimezidi kiwango cha kawaida katika kuyatofautisha makundi ya ziwa, hasa jeni za kinga ya mwili na za kuona.

Kwa msomaji wa Tunduma, Vwawa au Itumba jambo hili lina uzito wake. Nyanda zinazoanzia Mbozi hadi Rungwe na Usangu ndipo maji ya Rukwa, ya Nyasa na ya Ruaha yanapoanzia, yakitazamana juu ya vilima. Hapa matawi ya Bonde la Ufa yanakutana, ardhi imeinuliwa na volkano, na mito imewahi kubadili njia. Rukwa, ambalo mwaka 1949 lilikauka karibu lote, miaka elfu kadhaa iliyopita lilijaa mita 180 hivi juu ya usawa wake wa sasa na kumwagika Tanganyika karibu na Karema. Mto Songwe wa mpakani bado unahama mkondo wake mafuriko yakija, na mkulima wa Kyela au Ileje anaweza kuamka shamba lake likiwa ng'ambo, upande wa Malawi. Mabwana wa 1890 walichukua mgongo wa maji kama kitu cha kudumu. Kwa miaka mia moja na zaidi ya siasa umedumu. Kwa muda wa samaki ulikuwa mlango unaofunguka na kufungwa.

Sasa unafunguliwa na watu. Tangu enzi za ukoloni perege wa mahali pamoja wamekuwa wakibebwa na kumwagwa pengine, ili kuongeza kitoweo. Asilatu Shechonge, Ngatunga na wenzao walipita sehemu kubwa ya nchi wakivua, na mwaka 2019 wakaonyesha kwamba sato na perege mwingine wa kigeni, *Oreochromis leucostictus*, wameenea katika mabonde mengi ya mito ambayo hayakuwa yao. Wageni hawa huzaliana na wenyeji. Chotara kwa macho anaweza kufanana na mzazi mmojawapo kabisa, na mfugaji anayenunua vifaranga hana njia ya kujua anachokipeleka bwawani.

Mwaka 2022 kundi lililowashirikisha TAFIRI, Bristol, Bangor na Taasisi ya Earlham ya Norwich lilitoa dawa ya sehemu. Walisoma jenomu za perege wa aina nyingi, kisha wakachagua herufi chache zinazoitofautisha aina moja na nyingine vizuri zaidi, ili maabara isilazimike kusoma herufi bilioni moja kwa kila samaki. Ni hesabu ya familia ile ile ya Masoko, ila lengo limegeuka. Kule kipande kilichoshika nafasi ya juu kilikuwa swali: nini kimekufikisha hapa? Hapa hakuna anayejali kimefikaje. Kinachotakiwa ni kisikosee kumtambua samaki.

Mwaka 2024 sehemu ya timu hiyo ilirudi kwenye ukoo mzima wa perege na kukuta kwamba hata kabla ya binadamu kubeba ndoo, aina hizi zilikuwa zimeshachanganyika zenyewe kwa zenyewe. Kwa hiyo kukuta herufi ngeni ndani ya perege hakutoshi kumlaumu aliyemwaga sato. Inabidi kupima urefu. Kila kizazi hukata vipande vilivyorithiwa na kuvichanganya upya: mchanganyiko wa kale umesagika, umebaki vipande vifupi kama vile viraka vya Nyasa, na chotara aliyezaliwa msimu uliopita bwawani bado ana kromosomu nzima za sato, kutoka ncha hadi ncha.